Kaimati Bila Shira

Insulini yangu ilikaa ndani ya mtungi wa nyanya yangu, kwenye pembe ya jiko, Mji wa Kale. Friji tulikuwa nayo, lakini stima ikipotea mwezi wa Februari, friji hugeuka kabati. Joto la Mombasa lina unyevu, mtungi haupozi kama kwenye hewa kavu. Afadhali lakini.

Nilianza kujidunga, kwa ugonjwa wa sukari, nikiwa na miaka 13. Nilikuwa nimekonda, nikinywa maji kama niliyekula papa mkavu. Majirani wakasema ni halwa. Si halwa. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ilizishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Lakini hebu kamweleze hivyo shangazi aliyekwisha kukuletea uwatu.

Mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, kule Toronto mwaka 1922, alikuwa kijana wa miaka 14. Niliposoma hayo nilimwonea wivu kidogo: Ramadhani haikumhusu.

Maana sindano nilizizoea. Ramadhani ndiyo iliyonishinda. Miaka 15, wenzangu wamefunga, mimi nala mchana. Aya inayomruhusu mgonjwa naijua, madrasa nimeisoma. Ila aya haikusaidii wakati bui yako, rafiki yako, anakutazama midomo na kuuliza mbona haijakauka.

Basi siku moja nikafunga kimya kimya. Nikala daku, nikajidunga kipimo kile kile cha kila siku. Alasiri, nikiupiga unga wa kaimati, vidole vikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanishuka mgongoni, bakuli nikawa naliona mawili. Mashine ikasoma 2.7, sukari imeshuka mno. Nyanya hakuuliza kitu. Alichota ile sukari iliyowekwa ya shira, akaikoroga na maji, akanishika kidevu. "Meza."

Kaimati za jioni hiyo zilikuwa kavu, na hakuna aliyeambiwa kwa nini.

Nyanya naye ana sukari, ile ya vidonge. Yeye huambiwa pole. Mimi huulizwa nilikula nini. Kesho yake adhuhuri aliniita jikoni, akarudisha mlango, akaukata mkate wa mofa nusu kwa nusu. Tukala tumesimama, bila maneno, kama wezi. Nilipotaka kutoka akanivuta mkono.

"Pangusa mdomo kwanza, mjukuu wangu. Wasije wakasema mimi ndiye niliyekufungulisha."