Makapi ya nanasi na chupa iliyofumuka

Kila nilipokamua juisi ya nanasi, sehemu kubwa ya tunda iliishia ndooni: maganda, kigogo cha katikati na makapi yaliyobaki kwenye kitambaa. Nikataka kuyageuza unga wa nyuzinyuzi wa kuchanganya na ngano. Kwanza niyachachushe, maana bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari iliyobaki na kuacha uchachu mzuri mdomoni.

Mara ya kwanza niliingia kichwakichwa. Nilishindilia makapi chupani, nikakaza kifuniko. Siku ya tatu kikafyatuka, jikoni kukanuka pombe. Nanasi lina sukari kama gramu 10 katika kila gramu 100, na hamira za asili hukaa kwenye ganda lake. Nilikuwa nimeziandalia karamu.

Safari ya pili maganda niliyatenga kwa ajili ya siki. Makapi na kigogo kilichokunwa nilivisuuza, nikavikamua mpaka viganja vikauma, kisha nikavipika kwa mvuke dakika 15. Mvuke huua hamira. Pia huvunja nguvu ya bromelaini, kimeng'enya cha nanasi kinachokatakata protini. Kikibaki kizima, donge la mkate hulegea. Ila mvuke hauchagui, bakteria wazuri nao hufa. Kwa hiyo makapi yalipopoa niliongeza vijiko viwili vya maji ya kabichi niliyokuwa nimeichachusha, pamoja na chumvi gramu 2 kwa kila gramu 100 za makapi. Nikayakandamiza yazame kwenye maji yake, kifuniko nikakilegeza ili hewa itoke.

Baada ya siku tano harufu ya pombe haikuwepo, ni uchachu tu. Chupa moja iliota manyoya ya kijani. Niliitupa yote, sipendi hii tabia ya kukwangua ukungu juu na kula kilichobaki chini.

Nilikausha kwenye oveni, nyuzi joto 60, hadi makapi yakawa yanavunjika kwa vidole, nikasaga. Na hapo ndipo hesabu iliponishinda: mkate wa kwanza haukulika kwa chumvi. Gramu 100 za makapi mabichi zilinipa gramu 22 hivi za unga, na zile gramu 2 za chumvi zote zilikuwa humo humo. Maji yanakauka, chumvi haiendi popote. Siku hizi natia gramu 10 za unga huo kwa gramu 90 za ngano, na chumvi ya mkate naipunguza kwa nusu. Donge hunywa maji zaidi ya kawaida, mkate hutoka mweusi kidogo, na mimi naupenda hivyo.

Wapo walioniuliza kama wanakula bakteria hai. Hapana, wengi hufia kwenye oveni na waliosalia humalizwa na kuoka. Kinachobaki ni nyuzinyuzi na ladha.

Sasa niko chupa ya sita. Kabichi siihitaji tena. Maji ya chupa ya tano ndiyo mbegu.