Datsun 1200 iliyokuwa ikitema moshi mweusi

Injini ya Datsun 1200 yangu niliifunga kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Weber 32/36, yenye makoo mawili, ya mtumba kutoka Dar. Ikawa inatema moshi mweusi, inachoka kupanda kilima cha Bugando hapa Mwanza, na kwenye foleni silensa (mlio wa injini gari likiwa limesimama) inakata. Fundi akasema plagi. Nikabadilisha, siku tatu baadaye zilikuwa na masizi makavu, ukigusa kidole kinakuwa cheusi.

Hapo nikashtuka. Dar ni usawa wa bahari, Mwanza tuko mita kama 1,140 juu na hewa ni nyepesi. Kwa jeti zilezile (vitundu vinavyopima petroli), petroli inazidi. Nikashusha jeti kuu ya koo la kwanza kutoka namba 140 hadi 135, yenye tundu dogo zaidi.

Moshi ukaisha, silensa bado. Nikapuliza spreyi ya kabureta kuzunguka gasketi ya adapta inayoshika kabureta kwenye injini (injini ikiwa bado baridi, maana spreyi inashika moto na ekzosi iko upande huohuo), mlio ukabadilika papo hapo. Kumbe inavuta hewa kupitia gasketi! Nikakata gasketi mpya. Injini ilipopata moto, nikafunga skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa hadi ikaanza kuyumba, kisha nikairudisha kidogokidogo mpaka mlio ukatulia.

Plagi sasa ni za kahawia, dalili kwamba mchanganyiko uko sawa. Fundi bado anadai zilikuwa plagi tu.