Jeli ya peptidi kwa kimeng'enya: anza na bafa
Anayetaka kugeuza peptidi fupi (mnyororo mfupi wa asidi amino) kuwa jeli kwa fosfatasi ya alkali, yaani kimeng'enya kinachoondoa fosfati kwenye peptidi ili igande, naomba aangalie bafa (myeyusho unaotunza pH) kabla ya kulaumu kimeng'enya. Wengi hutumia bafa ya fosfati kwa mazoea. Fosfati huru ndiyo hiyo hiyo inayotolewa na mmenyuko, nayo hukalia sehemu ya kimeng'enya inayoshika peptidi, jeli ikachelewa. Tris, bafa isiyo na fosfati, ni bora. EDTA isiingie kabisa: hunyakua zinki na magnesiamu, na bila hizo kimeng'enya hiki hakifanyi kazi.

Kwa Fmoc-Phe-Tyr yenye fosfati (asidi amino mbili, fenilalanini na tirosini, zenye kundi la Fmoc mwanzoni; asidi huru, si chumvi), miligramu 12.6 ndani ya mililita 1 hutoa takriban 20 mM (milimoli 20 kwa lita). Peptidi yenyewe itashusha pH, kwa hiyo irudishe hadi 8 kwa NaOH (hidroksidi ya sodiamu), tone kwa tone huku ukikoroga. Usipitilize, maana alkali kali hung'oa Fmoc, na pete zake ndizo zinazopangana kujenga nyuzi.

Kimeng'enya kiingie mwisho. Geuza kichupa taratibu mara chache, kisha kiache kabisa! Kutikisa wakati nyuzi zinajengeka huzikata, ukabaki na uji wenye mabonge. Dozi kubwa isiyochanganyika vizuri hugandisha pale ilipodondokea tu, kwingine kukabaki maji. Mimi napendelea dozi ndogo na subira.

Jeli kutomwagika kichupa kikipinduliwa ni dalili tu. Pima kwa riomita (kifaa cha kupima ugumu na utiririkaji) uone G′, kipimo cha ugumu kama wa kitu kigumu, inaizidi G″, kipimo cha utiririkaji kama wa kimiminika, waziwazi, na kwa HPLC (mbinu ya kutenganisha na kupima kemikali) ujue ni peptidi kiasi gani imepoteza fosfati.