Udzungwa kwa mwendo wa shangazi

Watu wa Mwanza tuna majivuno ya maji. Mwambie mtu wa Kirumba kwamba unasafiri hadi mkoa wa Morogoro kuangalia maji yakianguka, atakuonyesha Ziwa Victoria kwa kidole halafu ataendelea na sangara wake. Mimi walinicheka wazi pale mwaloni. Sikujibu kitu, maana shangazi alishakubali kwenda, na shangazi akishakubali jambo hakuna wa kulitengua.

Tatizo ni magoti. Anakaa Mabatini, kule juu kwenye mawe, na kila ndoo na kila kiroba cha mkaa kimepandishwa kwa miguu yake tangu ujana. Kwa hiyo nilipopanga safari ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, maporomoko ya Sanje niliyaweka kando. Sanje ndiyo yenye jina, mita 170 za maji, na picha nyingi mnazoziona mtandaoni ni za huko, ila kuyafikia ni kupanda kwa saa kadhaa. Sisi tulichagua Prince Bernhard, maporomoko madogo karibu na makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula, njia ya kama kilomita moja. Yamepewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyefika hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992.

Usafiri hauna hadithi ndefu: basi kutoka Nyegezi hadi Dodoma, tukalala kwa ndugu, kesho yake treni ya umeme hadi Morogoro, na pale Msamvu tukapanda basi la Ifakara. Ukivuka Kidatu ni miwa na miwa tena, na mkono wa kulia milima imesimama wima, imefunikwa na msitu hadi juu. Malipo ya kiingilio ni kwa namba ya malipo kwenye simu, na Mtanzania anatozwa kwa shilingi.

Askari wa uhifadhi tuliyepewa alikuwa kijana mpole. Alimwamkia shangazi, akaangalia anavyotembea, akapunguza mwendo bila kuambiwa. Njia ni nyembamba na kivulini muda wote, mizizi imekatiza kama ngazi fupi fupi. Mahali fulani tulikuta siafu wanavuka, msururu mweusi unaong'aa, askari wao wakubwa wamejipanga pembeni na vinywa wazi. Shangazi alipandisha kitenge hadi magotini, akaruka. Nilidhani nimeota.

Halafu mbega wekundu. Wana mwili wa kijivu na nywele nyekundu kichwani, na duniani wanapatikana kwenye milima hii na bonde lililo chini yake tu. Mmoja alikaa juu yetu akichuma majani machanga. Kijana akatuambia tumwangalie mkono: mbega hana dole gumba, ananing'inia kwa vidole vinne. Shangazi akakunja dole gumba lake, akajaribu kushika tawi hivyo hivyo. "Huyu hawezi kumenya muhogo," akasema.

Maporomoko yenyewe hayatishi. Maji yanateremka kwenye mwamba na kutua kwenye kidimbwi, na manyunyu yanakufikia usoni ukisogea. Kilichomshangaza shangazi ni kitu kingine. Ilikuwa Septemba, vumbi la barabarani lilikuwa bado kwenye viatu vyetu, naye akauliza mvua imenyesha lini. Haijanyesha muda mrefu, mama. Sasa haya yanatoka wapi?

Kijana akainama, akafukua majani makavu kwa mkono. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Mvua ya masika inaingia humo, inashikwa na mizizi, inatoka taratibu miezi yote ya kiangazi. Hapo shangazi alielewa haraka kuliko mimi, kwa sababu Mabatini anaishi kinyume chake: mvua ikigonga mawe yetu, dakika chache tu Mto Mirongo umefura na watu wa chini wanaokoa magodoro, na kesho yake yeye anatafuta maji ya kufulia. Ziwa lipo hapo chini, tunaliona, lakini jiwe tupu halikuwekei akiba.

Akauliza pia watu wa vijijini huku wanapikia nini. Kijana akasema zamani waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi, ruhusa hiyo ikasitishwa mwaka 2011. "Kwa hiyo msitu unawapa maji, moto wajitafutie?" Kijana akacheka kidogo, akasema swali hilo huulizwa sana na akina mama wa Mang'ula. Mimi ni mpenzi wa miti, lakini niko upande wao kwenye hili. Mtu anayepika kila siku asiambiwe tu "usiokote" kisha mazungumzo yaishe.

Tulikaa pale hadi askari akaanza kuangalia saa. Kwa mwenye mzazi nyumbani anayejiona hawezi tena kupanda mlima, ningesema aanzie hapa. Viatu viwe na meno, mawe ya karibu na maji yana utelezi, na Juni hadi Oktoba njia ni kavu. Sanje nitaipanda mwakani na binamu zangu. Shangazi ameshatangaza kwamba naye anakuja, atabaki Mang'ula akinunua mchele wa Kilombero, wakati nyumbani ana magunia mawili ya Kahama.