Gunia Liliandikwa Mchele

Tangu nigunduliwe nina seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochokozwa na gluteni, nimepewa ushauri mwingi, na sehemu kubwa yake ingenimaliza. "Choma mkate vizuri, hiyo gluteni itakufa." Gluteni si mdudu. Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), na haiondoki kwa moto, kwa jua wala kwa spiriti ya kupaka mikononi. "Kula kidogo kidogo mwili uzoee." Mwili wa mwenye seliaki hauzoei. Kila kinachoingia kinaamsha kinga ishambulie ukuta wa utumbo mwembamba, vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinasagika, mtu anakula na kushiba huku damu inapungua. Ushauri mbaya kuliko wote nilipewa kabla ya kupimwa: "Acha ngano miezi miwili kwanza, tuone." Ukiacha ngano mapema, kingamwili, yaani silaha za kinga ambazo kipimo huzitafuta kwenye damu, zinashuka na kipimo kinaweza kusema huna kitu. Ilibidi nirudi kula mkate wiki kadhaa huku naumwa, ili majibu yawe ya kweli. Ukishuku, endelea kula ngano mpaka damu itolewe, na kama utachukuliwa kinyama cha utumbo kikapimwe, mpaka siku hiyo.

Chapati na maandazi niliacha bila shida. Hapa Kigoma mtu anaweza kuishi mwaka mzima kwa wali, ugali wa muhogo, mgebuka na maharage asiiguse ngano. Kilichonisumbua karibu mwaka ni mbwa wa ulinzi, yaani chakula chake.

Watu wanashangaa nikisema hivyo, kwa sababu chakula cha mbwa mtu hakili. Lakini angalia kinavyotumika. Unamimina zile punje kavu kutoka kwenye gunia, vumbi linapanda puani na kooni, na la kooni linamezwa. Sahani ya mbwa inaoshwa kwa dodoki lile lile la vyombo. Mbwa anamaliza kula anakulamba mkono, nawe unakwenda kumega tonge. Gluteni ikigusa ngozi haidhuru, kinachodhuru ni kinachomezwa, na mkono ndio unaoifikisha mdomoni. Desturi ya wazee wa Ujiji ya kuweka chombo cha mbwa mbali kabisa na vyombo vya watu imenifaa kuliko karatasi yoyote niliyopewa kliniki.

Kwa hiyo nilinunua chakula kilichoandikwa kimetengenezwa kwa mchele na samaki. Nikajiona nimemaliza. Miezi sita baadaye kingamwili zangu zilikuwa zimeshuka kidogo tu.

Hapo ndipo nikakumbuka mkasa wa mwaka 2007. Tarehe 16 Machi mwaka huo kampuni ya Menu Foods ya Kanada ilianza kurudisha mamilioni ya makopo na pakiti za chakula cha mbwa na paka, baada ya wanyama kufa kwa figo. Viungo vilivyoagizwa kutoka China kwa jina la gluteni ya ngano vilikutwa na melamini, kemikali ya kutengenezea sahani ngumu za plastiki. Sababu ya kuitia ni hesabu. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Zinapima nitrojeni iliyomo ndani ya protini na kuzidisha kwa 6.25. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni, hivyo gramu moja ndani ya gramu 100 za unga inaongeza protini ya uongo zaidi ya gramu nne, na unga wa bei ya chini unauzwa bei ya juu. Ndani ya figo melamini ikakutana na asidi sayanuriki, kemikali nyingine iliyokuwemo humo humo, zikafanya fuwele, mirija ikaziba. Mwaka uliofuata melamini ikakutwa kwenye maziwa ya watoto huko huko China. Karibu watoto 300,000 waliugua na sita wakafa.

Hayo wengi wanayajua. Lisilotajwa sana ndilo linalomhusu mwenye seliaki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipochunguza zaidi, ilikuta kwamba ile iliyoitwa gluteni, na kingine kilichouzwa kama protini ya mchele, vyote vilikuwa unga wa kawaida wa ngano uliotiwa melamini. Gunia liliandikwa mchele, ndani ngano. Sikuwa na sababu ya kudhani gunia langu lina kosa hilo hilo, ila nilijua sasa kwamba neno "mchele" kwenye lebo si ushahidi.

Nikaamua kulipima mwenyewe kwa njia ambayo kila mpika maandazi anaweza kuifanya. Chukua gramu 100 za unga, maji kama mililita 60, kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini, liache nusu saa. Kisha lizamishe kwenye bakuli la maji na ulikamue taratibu kwa vidole. Maji yanageuka meupe kama ya kuoshea mchele. Mwaga, weka mengine, rudia mpaka yabaki meupe kidogo tu. Unga wa mahindi, mchele au muhogo unayeyuka wote, mkononi hakibaki kitu. Unga wa ngano unakuachia utomvu wa kijivu unaovutika kama ubani uliotafunwa, gramu 25 hadi 30. Hiyo ndiyo gluteni, unaiona kwa macho.

Nikasaga punje za mbwa kwenye kinu, nikachekecha, nikakanda, nikaosha. Donge likasambaratika, likabaki tope. Hakuna utomvu. Nikahitimisha kwamba gunia ni safi, nikaendelea kulitumia miezi mingine mitatu, na tumbo likaendelea vile vile.

Kosa lilikuwa hili. Zile punje hupikwa kwenye mtambo kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 na mgandamizo mkubwa. Gluteni ikishapikwa hivyo inaganda kama ute wa yai, haivutiki tena na haikusanyiki mkononi. Lakini ile sehemu ya protini inayoamsha kinga ya mwili bado imo. Ndiyo maana mkate uliochomwa unadhuru, ingawa ukiuosha hupati utomvu. Kipimo cha kuosha donge kinafaa kwa unga mbichi peke yake, tena kwa ngano nyingi, chembe hakizioni. Usikitumie kwa biskuti, tambi wala chakula chochote cha kiwandani, kitakudanganya kama kilivyonidanganya. Kwa vitu hivyo kuna vipande vya kupimia gluteni vinavyoagizwa nje. Kimoja kinagharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na nilipokitumia kwenye zile punje kilionyesha mstari, yaani gluteni imo, ndani ya dakika chache. Gunia likatoka nyumbani siku hiyo.

Kuna jambo jingine la lebo. Ukiona "gluteni ya mahindi" kwenye chakula cha mifugo usishtuke, hilo ni jina la kiwandani la protini ya mahindi na halimdhuru mwenye seliaki. Linalodhuru ni ngano, pumba za ngano, shayiri, rai, na maneno ya jumla kama "nafaka" au "mazao ya nafaka", ambayo yanaweza kuficha chochote.

Nikaanza kumpikia mbwa mwenyewe, na nikaanza vibaya, kwa pumba za mashineni. Nilidhani pumba za mashine ya mahindi ni za mahindi. Nilizichekecha kwa chekeche laini, nikaukanda ule unga, nikauosha, na mkononi kikabaki kinyuzi cha kijivu cha ukubwa wa punje ya maharage, kinavutika. Nikarudi kumuuliza kijana wa mashine.

"Kaka, hapa mnasaga ngano?"

"Hapana mzee, mahindi na muhogo tu."

"Na unga wa lishe wa watoto?"

"Aa, huo kila siku. Akina mama wanaleta wenyewe wameshachanganya."

Basi. Unga wa lishe mara nyingi ni mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, na ngano humo humo. Ukienda mashineni usiulize habari ya ngano, ulizia lishe. Hapo nikagundua kwamba hata sembe yangu ilikuwa inapita njia ile ile.

Fanya hesabu uone uzito wake. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano ni kama gramu tatu, na ndani yake kuna gluteni kama miligramu 240. Kijiko hicho kikibaki kwenye mashine kikachanganyika na kilo 10 za sembe, kila kilo inabeba miligramu 24. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Kijiko kimoja tu. Na mashine haibakizi kijiko kimoja: unga unaganda kwenye chujio chini ya nyundo, kwenye kona ya bomba linalopandisha unga, na zaidi kwenye mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomoni, ambao haufuliwi. Utafiti uliofanyika Italia na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku kwa miezi mitatu zinatosha kuharibu utumbo. Ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri mtu asizidishe miligramu 10 kwa siku.

Dawa niliyoipata ni kuwa wa kwanza asubuhi, kabla ya lishe ya mtu yeyote. Nakwenda na mfuko wangu wa kitambaa uliofuliwa. Kijana anagonga bomba kwa mti, anafungua chujio na kulipiga brashi, kisha tunapitisha kilo tatu za mahindi yangu kwa mfuko wa mashine. Unga huo wa kwanza nampa jirani anayekula ngano, siupeleki nyumbani hata kwa mbwa. Ndipo tunafunga mfuko wangu na kusaga kilo 20 zilizobaki. Nilipojaribu kupitisha kilo moja tu, kipande cha kupimia bado kilionyesha mstari hafifu. Kwa kilo tatu hakikuonyesha. Kijana namwachia elfu mbili au tatu juu ya bei ya kusaga, na anagonga bomba bila kuambiwa.

Mbwa sasa hali pumba. Kwa mbwa mzima wa kilo kama 15, kwa siku: gramu 150 za chenga za mchele zipimwe mbichi, gramu 80 za dagaa wakavu, kijiko kikubwa kimoja cha mawese, na mboga kiganja kimoja, mchicha au boga. Dagaa nanunua Kibirizi, na nachagua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa kuanikwa chini wanakuja na mchanga unaosaga meno. Waloweke dakika ishirini, mwaga maji, kama wana chumvi rudia. Chenga zikikaribia kuiva watie dagaa na mifupa yao, humo ndimo kalsiamu iliko, kisha mawese mwishoni. Kitunguu maji na kitunguu saumu usitie kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Ini la ng'ombe kipande mara moja kwa wiki. Mtoto wa mbwa na jike anayenyonyesha wanahitaji kipimo kingine, muulize daktari wa mifugo.

Na tafadhali, mahindi yaliyoota ukungu usiseme "apewe mbwa". Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mbwa anaharibika ini haraka. Ni sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nami nashika mahindi hayo hayo na kusaga kwa mashine hiyo hiyo, kwa hiyo sumu ya mbwa inanihusu na mimi.

Jikoni nilibadilisha vitu vitatu: ungo, mwiko na chekeche. Ungo wa kusuka haufuliki, unga unakaa kwenye misuko hata ukiusugua. Sufuria za bati nilisugua tu kwa sabuni na maji mengi. Dodoki la mbwa liko nje, limefungwa kamba nyekundu, watoto wanalijua.

Kipimo cha mwisho cha damu, miezi minane baada ya kuanza haya yote, kingamwili zilikuwa chini ya kikomo kwa mara ya kwanza. Chekeche ya zamani sikuitupa. Fundi anachekechea mchanga wa plasta.