Sauti yangu kwenye simu

Mwaka 2014 sikuwa na mazungumzo mengine zaidi ya serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilikuwa imekabidhi Rasimu ya Pili ya Katiba, iliyopendekeza muundo huo, mwishoni mwa Desemba 2013, na Februari Bunge Maalumu likaanza vikao Dodoma. Kijiwe chetu cha kahawa hapa Tanga nacho kikawa bunge. Mjomba alikuwa wa serikali mbili kama zilivyo, ya Muungano na ya Zanzibar. Mimi nilimwona mzee anayeogopa mabadiliko, basi.

Jioni moja nikamrekodi kwa siri (utovu wa adabu, najua) ili nimtumie binamu yangu tucheke. Usiku nikasikiliza dakika zote kumi na saba. Aliyejaa humo ni mimi. "Ngoja kwanza, mjomba." "Hapana, sikiliza." "Si hivyo." Kilichonitoa jasho ni kwamba mzee alikuwa amesema jambo lilelile mara tatu, nami niliyekaa naye bega kwa bega sikulisikia hata mara moja: "Dada yangu yuko Makunduchi, Zanzibar. Mkianza kugawana serikali mtaishia kugawana bahari. Niende kumzika kwa pasi?"

Nikarudia vipande ambavyo nilipandisha sauti. Kila mara, sekunde chache kabla, mjomba alikuwa ametamka "nyie wasomi". Kidato cha sita nilirudia, na mwaka ule mzima nyumbani waliniita msomi kwa kejeli. Kumbe siku zote hizo rasimu ilikuwa kisingizio. Nilikuwa najitetea mwenyewe.

Kulijua hilo hakukuniponya. Kesho yake akalitamka tena lile "nyie wasomi", masikio yakapata moto vilevile, ila safari hii niliujua moto ule ulikotoka. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, na nyie mnavijua vikombe vya kahawa vilivyo vidogo, nikajaza kashata mdomoni. Mwenye kashata mdomoni hamkatizi mtu. Alipomaliza akanikazia macho: "Leo kimya, unaumwa?" Nikamuuliza hali ya mama mkubwa wa Makunduchi. Aliongea mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe.

Upande sikuhama. Nilimwambia bado naona Tanganyika inastahili serikali yake, lakini hofu yake ilipaswa kujibiwa ndani ya Katiba, siyo kuchekwa. "Sasa ndiyo umesema," akajibu. Zipo siku nashindwa, hasa nikitoka kazini na njaa.

Oktoba 2014 Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa, yenye serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa, kwa hiyo ubishi wetu una uhai. Ile rekodi niliifuta. Mjomba hajui kama iliwahi kuwepo. Anashangaa tu siku hizi kwa nini kashata nanunua mimi.