Usisaini barua ya kuacha kazi eti kwa sababu una mimba

Hii nawaandikia wanawake wenzangu wa mahotelini hapa Malindi na Watamu, hasa nyinyi mnaochukuliwa kwa msimu, maana haya mambo tunaambiana kwenye tuktuk tukirudi nyumbani halafu yanaishia hapo hapo.

Mimi nilikuwa mapokezi. Tumbo lilipoanza kuonekana, siku moja naangalia rosta pale ukutani karibu na jikoni naona jina langu limepigwa mstari wa kalamu nyekundu, limeandikwa upya chini kabisa, laundri. Hakuna aliyeniita wala kunieleza. Namuuliza supavaiza ananambia wageni wanakuja kupumzika, hawataki kuona mtu anahema hema pale kaunta. Sa huko laundri ndo kwenye kazi nyepesi? Mashuka ya vitanda vikubwa yakilowa yanavuta mikono mpaka kiuno, na ile harufu ya jiki ikichanganyika na joto la pasi, nilikuwa natoka nje natapika kisha narudi kuendelea. Nikaomba ruhusa niende kliniki, ile siku wakanikata kwenye mshahara.

Halafu ndo ikaja karatasi. Kusi imeanza kuvuma, wageni wameisha, hoteli iko karibu kufungwa kama kawaida yetu, meneja akaniita ofisini akaniwekea barua ishachapwa, imeandikwa nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu. Akasema kwa upole kabisa, saini hapa mama, uzae salama, msimu ukirudi tutakuita. Ule upole uliniuma kuliko matusi. Lakini nilikuwa nishaonywa na mama mmoja mtu mzima pale laundri, "Mwanangu, usitie mkono kwa kitu hujakisoma ukatulia." Nikaomba niende nayo nyumbani. Akakataa. Na mimi nikakataa kusaini.

Jamani, hiyo barua ndo kila kitu. Ukisaini umeacha mwenyewe, uanze kuhangaika kuonyesha ulilazimishwa. Usiposaini itabidi wakufukuze wao, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 46 kinasema wazi mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Cha 29 kinakupa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, wewe toa notisi ya maandishi angalau siku 7 kabla. Na ukirudi unarudi kwenye kazi uliyokuwa nayo kabla tu ya likizo, au nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyopungua ya ile, ndo maana ukihamishwa usinyamaze, mimi niliandika barua ya kupinga kuwekwa laundri mapema, wasije wakanambia kazi yako ni hiyo. Wale mnaoambiwa wewe kibarua tu huna haki, someni cha 37, ukishafanya kazi mfululizo ikatimia mwezi huhesabiwi tena kibarua wa siku. Na kwenye ubaguzi, kifungu cha 5 kinamtaka mwajiri ndo athibitishe kwamba hakubagua.

Rosta niliipiga picha, ule mstari mwekundu unaonekana vizuri. Payslipu nikaiweka. Barua zangu zote nilitoa nakala, nikaomba zigongwe muhuri wa kupokelewa. Mume wangu alitaka niache tu tumuachie Mungu, alikuwa anaogopea mtoto na simlaumu, lakini ule mshahara ndo kodi ya nyumba na ndo chakula, siwezi kuwaachia watu haki ya mwanangu kwa sababu wamenisemesha kwa upole.

Nikaenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, afisa akanisikiliza, akawaandikia. Likizo nikapewa na mshahara wake, na saa hizi nimerudi mapokezi. Ile siku ya kliniki bado hawajanilipa na bado naidai.

Na wewe mdogo wangu wa jikoni uliyeniandikia usiku unalia, leta rosta na payslipu zako twende wote leba, kupeleka malalamiko hakulipiwi. Wakikataa kusikia, mahakama ya ajira inakaa hapa hapa Malindi.